Bumu langu limeishia kwenye difu

Najua nimewatupa wiki mbili bila neno. Sikuwa naumwa, wala sikuwa nimezama kwenye vitabu kama mnavyodhani. Nilikuwa Morogoro, chini ya gari.

Mama anachukua mboga Mgeta anazileta sokoni mjini kwa Forester ya zamani, ile inayovuta matairi yote manne. Gari hiyo ndiyo imenisomesha mpaka nikafika hapa Mlimani. Sasa akanipigia: "Mwanangu, gari inalia kama ina msiba."

Ijumaa nikapanda basi. Jumamosi fundi akaniambia nikae siti ya nyuma nisikilize. Tulipofika spidi 60 ikaanza, uuuuu. Akiachia mafuta, sauti inabadilika. Akiyumbisha usukani kushoto na kulia, iko vilevile. "Ingekuwa beringi ya tairi, ingebadilika hapo," akasema. "Hii inafuata mafuta. Ni difu ya nyuma."

Tukarudi, akainyanyua kwa jeki na kuweka stendi. Akashika propela shafti akaichezesha huku na huku kwa mkono. Ka! Ka! Meno yameachana. Akafungua kwanza bolti ya kujazia oili, ndipo ya kumwagia. Ukianza na ya kumwagia halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na difu kavu na gari haliondoki. Difu ile inachukua oili isiyofika lita moja, lakini iliyotoka haikujaza kikombe cha chai. Nyeusi tii, na vumbi la chuma linameremeta ndani. Sili ilikuwa inavuja kitambo. Matone tuliyaona wenyewe uani, tukapuuza.

Mama alikuwa na nusu ya hela. Nusu nyingine ni bumu langu, la kula na la maandalizi ya TP. Nikatoa. Ningefanyaje?

Tukanunua difu ya mtumba. Muuzaji akaapa kwamba za gari hizo zote ni moja. Fundi alishaiteremsha ile mbovu, zikalala pamoja kwenye turubai. Mimi nasomea ualimu wa hesabu na fizikia, nikauliza, "Uwiano wa meno ni sawa?" Akacheka. "Haya mwalimu, tufundishe."

Nikachora alama kwa chaki. Fundi akashika upande mmoja usizunguke. Nikazungusha panapofungwa propela, nahesabu, mpaka upande wa pili ukamaliza mizunguko 18. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, wa pili unakwenda mara mbili, kwa hiyo 18 hiyo ni 9 ya difu yenyewe. Ile mbovu: 40. Ya mtumba: 37. Tukarudia. 37 tena.

Fundi akaacha kucheka. Jamani, ingeingia bila shida, bolti zote zingekubali! Lakini mbele na nyuma zingegombana kila mita ya barabara, na ugomvi wote ungeishia kwenye difu ya kati, iliyo ndani ya giaboksi. Hapo Mama angeuza gari, na mimi sijui ningemaliza vipi chuo.

Muuzaji alinuna lakini akabadilisha. Ya pili tuliihesabia palepale dukani, mbele ya wateja: 40. Tukafunga na sili mpya na oili mpya. Jioni tukapanda kuelekea Mgeta, gari kimya. Mama alikaa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akasema, "Kumbe zile hesabu zina kazi."

Sasa nimerudi chuo, nakula maharage mpaka bumu lijalo. Sijutii. Nikienda TP, somo la uwiano sitaanza na maembe. Naanza na difu.

Na wewe ambaye gari la nyumbani linadondosha matone uani, piga simu leo. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.