Kibindo cha Kompyuta

Sanduku likifungwa na ufunguo ukabaki ndani, utalifunguaje? Kompyuta ya Linux hukutana na tatizo hilo kila inapowashwa. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inahitaji draiva ili isome diski, na draiva zenyewe zimo ndani ya diski hiyohiyo.

Dawa yake ni kifurushi kidogo kinachoitwa initramfs. Programu ya kuwashia, kwa msaada wa ubao wa kompyuta, huipakia kerneli pamoja na kifurushi hicho kwenye RAM. Humo mna draiva chache na programu ya kuitafuta diski. Diski ikipatikana, yaliyomo hufutwa na mfumo wenyewe hushika kazi.

Sisi wanachama tunaokaa Rusayl tumeyajua haya kwa kulazimika. Tunarekodi sauti za wazee wetu waliotoka Unguja, na rekodi zimo kwenye kompyuta moja kuukuu yenye Fedora. Ubao wake ulipokufa, tuliihamishia diski kwenye kompyuta nyingine. Ikawaka, ikasita, ikaandika kwamba diski haionekani. Mwenzetu mmoja nusura alie: bibi yake ameshafariki, na sauti yake imo humo.

Diski ilikuwa nzima. Fedora hufunga kifurushi kwa kipimo cha mashine iliyopo, ili kiwe chepesi. Draiva ya ubao mpya haikuwamo. Lakini huweka pia kifurushi cha uokoaji, chenye draiva nyingi zaidi. Tulikichagua kwenye menyu, mfumo ukaamka, tukaandika `dracut --regenerate-all --force`, na vifurushi vikafungwa upya. Siku ileile tukanakili rekodi zote kwenye diski mbili nyingine.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza bibi wa mwenzetu mwingine, ambaye naye tumemrekodi. Kiswahili chetu nacho kimefungwa kwa kipimo cha nyumba: kuamkia, kula, kugombezwa. Nje ya hapo tunakwama, tunakimbilia Kiarabu. Bibi akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si kibindo hicho, wanangu? Ufunguo wa nyumba hauachwi ndani. Unautia kibindoni, unatoka nao."

Neno hilo hatukuwa nalo. Sasa chamani hatusemi tena initramfs. Tunasema kibindo, na kila tunapokwenda kurekodi tunarudi na maneno mengine ya kutia humo.