Paka Wangu na Bata wa Jirani

Mwaka 1996 nilihamishiwa Lindi kufundisha, nikapata chumba katika nyumba moja ya mtaa wa Rahaleo. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita kama zilivyo nyingi pale mjini: vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani jiko, choo na bafu vya kutumia sote. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinikalisha barazani akanitajia masharti kwa mdomo, maana hapakuwa na karatasi baina yetu. Kodi ya miezi sita mbele. Mlango mkubwa hufungwa saa nne usiku. La mwisho alilitilia mkazo: "Mwalimu, humu mfugo hapana. Hata kuku."

"Nimekusikia, Bibi," nikaitikia.

Haikupita miezi miwili, panya wakala madaftari ya wanafunzi wangu na kutoboa mfuko wa mchele. Mwanafunzi mmoja akaniletea mtoto wa paka. Sikuomba ruhusa. Wiki ya kwanza nilimficha chumbani. Wiki ya pili alikuwa amejilaza barazani, miguuni pa mwenye nyumba, naye akimtupia vichwa vya samaki. Hakuna aliyelikumbuka sharti.

Chumba cha nyuma alikaa mama mmoja aliyepika vitumbua alfajiri. Alikuwa na bata watatu, wakilala nyuma ya kuni. Miaka ile ada ililipwa hata shule ya msingi, na ada ya mwanawe ilitoka kwa bata hao: wakikua, huuzwa siku za sikukuu. Jumamosi moja waliingia katika beseni la maji ya kutawadha. Mwenye nyumba akawaka, akatuita sote uani.

"Sheria ni msumeno," alisema, "hukata mbele na nyuma. Wiki ijayo nisiwaone."

Alipokuwa akisema hayo, paka wangu alikuwa akijisugua kwenye kanga yake.

Jirani alinigeukia. "Mwalimu, kwani paka si mfugo?"

Nilikuwa na jibu tayari, nalo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Mama, paka anakamata panya."

"Na bata wangu wanamsomesha mtoto."

Nilinyamaza. Mimi ni mwalimu, kodi yangu nililipa kwa wakati, neno langu lingesikilizwa. Lakini niliogopa kwamba mjadala ukifunguliwa, paka naye atatolewa. Bata waliuzwa kabla hawajakomaa, kwa mchuuzi aliyejua kwamba muuzaji ana haraka. Muhula uliofuata yule mtoto alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa ada.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa desturi. Kwetu pwani kila mnyama ana daraja lake. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka hana hukumu hiyo, na aghalabu huingia hata msikitini asifukuzwe. Bata naye huchafua maji, hilo nani asilijue? Kwa hiyo mwenye nyumba kupenda mnyama huyu na kumkataa yule si dhambi.

Lakini msomaji wangu, sharti tulilopewa halikusema hivyo. Lingesema "paka ruksa, bata hapana", jirani angejua kabla ya kutoa kodi yake, akatafuta nyumba yenye uwanja. Tuliambiwa mfugo hapana, kisha tukaachwa tufuge mpaka mtu audhike. Sharti la namna hiyo ni fimbo iliyochomekwa darini. Hushushwa kwa amtakaye mwenyewe.

Nchini kulikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005. Mambo ya uani, nani afuge nini, kwa kawaida yameamuliwa kwa kauli ya mwenye nyumba, na kwa kunyamaza kwa wapangaji wengine. Kauli ile haikuwa yangu. Kunyamaza kulikuwa kwangu.

Leo nami nina wapangaji wanne. Kila mmoja nimempa karatasi: paka ruksa, kuku na bata wasizidi watano, walale bandani, mbali na maji, mbwa achanjwe kichaa cha mbwa na afungwe mchana. Mwaka jana mpangaji alinionyesha kwamba kuku wa mke wangu wamefika wanane. Nilikasirika kidogo, kisha nikawahesabu. Watatu tuliwauza wiki hiyo hiyo.

Msumeno wa Rahaleo ulikata upande mmoja tu, na siku ile mimi nilikuwa upande wa mpini.