Muhuri wa Mdhamini

Katika miji ya Japani, jirani na kila stesheni ya reli, yapo maduka ya madalali wa nyumba, na vioo vya maduka hayo vimebandikwa karatasi zenye ramani za vyumba, kila kimoja kimepimwa kwa idadi ya mikeka ya tatami ambayo kingeweza kutandikwa, mkeka mmoja ukiwa na eneo la kama mita 1.6 za mraba. Mbele ya kioo cha namna hiyo, katika mji wa Ikeda ulio kaskazini ya Osaka, ndipo niliposimama baada ya chuo nilichokuja kufundisha Kiswahili kuniarifu, kwa adabu kubwa, kwamba muda wangu katika nyumba ya wageni ulikuwa unakaribia kwisha.

Reli ipitayo hapo ina habari yake, nami naitia kwa kuwa inahusu makazi. Ilipofunguliwa mwaka 1910 ilikata mashamba yenye watu wachache, na kiongozi wake, Kobayashi Ichizo, akatambua kwamba abiria hawaokotwi njiani bali hupandwa. Basi akanunua ardhi papo hapo Ikeda, akajenga nyumba, akawauzia watu wa mishahara kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, biashara iliyokuwa ngeni zama hizo. Nusu ya mitaa niliyoitembelea kutafuta chumba ilinijia kana kwamba ni watoto na wajukuu wa fikra ile.

Dalali alinikaribisha kwa chai, akanieleza gharama. Kuna kodi ya mwezi wa kwanza. Kuna amana, ambayo hurejeshwa ikikatwa matengenezo. Kuna ujira wake yeye dalali, ambao sheria hairuhusu uzidi kodi ya mwezi mmoja pamoja na ushuru. Kuna bima ya moto na kubadilisha kitasa. Na kuna reikin, yaani kilemba cha mwenye nyumba, ambacho hakirudi abadan. Sisi wa Unguja na Dar es Salaam kilemba twakijua, wala si ajabu kwetu kudaiwa kodi ya mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo, hivyo hesabu ile iliniuma lakini haikunishangaza.

Kilichonishangaza ni simu. Kwa kila chumba nilichokipenda, dalali aliinua simu, akamsalimu mwenye nyumba kwa maneno marefu ya heshima, kisha, kabla ya kutaja jina langu, kazi yangu au mshahara wangu, akauliza kama mgeni wa nchi za nje angekubaliwa. Na mimi nimeketi mbele yake, nikisoma jibu katika jinsi alivyoinamisha kichwa. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takribani wageni 4 katika kila 10 waliotafuta nyumba walikataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Nilikirihika, na hata leo siioni hoja ya kulihalalisha jambo hilo.

Mwenye nyumba mmoja aliridhia, kwa sharti la mdhamini: mtu mwenye kazi na pato, atakayelipa nikishindwa na kutafutwa nikitoweka, naye apige muhuri wake uliosajiliwa serikalini na kuambatisha hati ya kuuthibitisha. Tangu Aprili 2020 sheria yataka mkataba utaje kikomo cha fedha anazoweza kudaiwa mdhamini wa namna hiyo. Zamani deni lake halikuwa na ukingo. Zipo njia za kuliepuka sharti hilo. Shirika la makazi la umma halitaki mdhamini wala kilemba, linatosheka na ithibati ya kipato, ila nyumba zake karibu na chuo zilikuwa zimejaa. Na yapo makampuni yanayomdhamini yeyote kwa ada, mara nyingi nusu ya kodi ya mwezi au zaidi. Nilikuwa radhi kulipa ada hiyo kuliko kumwelemeza binadamu mwenzangu. Mwenye nyumba hakutaka kampuni, alitaka mtu.

Mwalimu mwenzangu, bwana wa makamo aliyepata kuishi Tanga katika ujana wake, aliposikia habari hiyo hakungoja niombe. "Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "muhuri ninao nyumbani, kesho nitakuja nao." Nikahamia, nikajiandikisha katika ofisi ya mji kabla siku 14 za kisheria hazijapita, nikawapelekea majirani vizawadi vya sabuni kama ada yao ilivyo.

Tangu hapo mwenye nyumba hakupata kusema nami neno zaidi ya salamu. Nilipoegesha baiskeli pasipostahili, alimpigia simu mdhamini. Na mdhamini akaja ofisini kwangu, akasifu majira, akauliza hali ya wazee wangu Unguja, ndipo, akiwa mlangoni anaaga, akataja kwamba baiskeli za mtaa ule zina banda lake nyuma ya nyumba. Mkataba wa miaka 2 ulipokwisha, dalali alinijulisha kwamba sasa mwenye nyumba amelegeza sharti, kampuni yaweza kuchukua nafasi ya yule bwana. Nilimpelekea habari hiyo nikidhani atafurahi kutuliwa mzigo. Aliuliza tu kama kodi imepanda, nilipomwambia haikupanda, akafungua mtoto wa meza akautoa muhuri.