Hakuna Mmea Unaoishi kwa Hewa

Wakenya tunalijua neno "hewa" vizuri sana. Mfanyakazi hewa ni yule anayelipwa kila mwezi na hakuna mtu amewahi kumwona kazini. Mradi hewa ni ule uliojengwa kwenye karatasi peke yake. Kwa hivyo nikiona video TikTok ikisifu "mimea ya hewa", ati haitaki udongo, haitaki maji, haisumbui mtu, lazima niulize: na hii nayo, nani anailipia?

Tuanze na mmea wenyewe, maana huo ni wa ukweli, na ni mrembo. Jina lake la kitaalamu ni Tillandsia. Ni wa ukoo mmoja na nanasi, asili yake ni bara la Amerika, kutoka kusini mwa Marekani hadi Ajentina, na una aina zaidi ya 600. Nyingi zinaishi juu ya matawi ya miti au kwenye miamba. Mizizi yake kazi yake kubwa ni kushikilia tu. Kunywa, inakunywa kwa majani. Majani yana vigamba vidogo sana vinavyofyonza maji ya mvua, umande na ukungu, na ndiyo maana aina nyingi zinang'aa kama fedha.

Umesoma vizuri? Mvua, umande na ukungu. Hewa ni barabara tu. Mzigo ni maji.

Sasa leta huo mmea hapa Bulla Pesa. Mtaa wetu una pesa kwenye jina, lakini ukungu hauna. Mchana wa Februari, nguo ya kwanza inakauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Ukiutundika mmea kwenye hewa kama hii ungoje ujitafutie maji, hewa ndiyo itaukunywa mmea. Wanaokuambia unyunyizie maji kidogo mara moja kwa wiki wanaishi mahali ambapo kuta zinaota kuvu.

Kwetu dawa ni kuloweka. Asubuhi, tumbukiza mmea wote kwenye beseni kwa nusu saa hivi, mara mbili kwa wiki wakati wa joto. Ukiutoa, ukung'ute, uulaze kichwa chini penye upepo mpaka ukauke kabisa, kwa sababu maji yakituama katikati ya majani, unaoza. Usiuloweke usiku. Mmea huu unafungua vitundu vya majani yake usiku ili kuvuta kaboni dayoksaidi, ndiyo usipoteze maji kwenye jua la mchana. Ukilala umelowa, unashindwa kupumua. Na kama maji ya kisima chenu yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, huo ukoko utaziba vile vigamba polepole. Mvua ya Aprili na ya Novemba ikija, kinga mtungi mmoja uweke kando.

Kuutundika si kazi. Ufunge kwa uzi wa nailoni kwenye kipande cha mti mkavu au ganda la tunda la mkoma. Usitumie waya wa shaba, shaba ni sumu kwake. Uweke panapopata jua la asubuhi, mbali na mabati. Chini ya mabati saa nane mchana ni jiko.

Mimi naupenda mmea huu kwa sababu ya maisha ya kupanga. Kwenye ploti hakuna udongo wako. Ua ni wa nyumba kumi, na ukipanda kitu chini, mbuzi wa mtaa hajawahi kuheshimu maua ya mtu. Mmea unaoning'inia uko juu ya mdomo wa mbuzi, hauchafui ukuta wa mwenye nyumba, na siku ya kuhama unaubeba kwa mkono mmoja. Msee wa miaka 20 anaweza kuwa na kitu kizuri bila kuwa na shamba.

Lakini hesabu lazima tupige. Beseni ya lita 5 mara mbili kwa wiki ni lita 10, nusu mtungi. Kwa mwezi ni mitungi miwili. Kwa nyumba yenye mfereji unaotoka kila siku, hiyo si kitu. Kwa nyumba inayongoja mkokoteni wa punda, hiyo ni pesa ya unga. Na sisi wa huku kaskazini tumetoka juzi kwenye ukame ambao misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Hakuna aliyeona mifugo ikianguka wakati ule anayeweza kusema "ni maji kidogo tu."

Mama alipoona beseni yangu mara ya kwanza aliuliza: "Huo mmea wako wa hewa, mbona unakunywa kama mbuzi?"

Tukapanga. Mmea haupewi maji yake peke yake. Unaloweshwa kwenye maji ambayo bado yana safari: yakitoka hapo yanaenda kwa sukuma ya gunia, au yanapangusa sakafu. Na mtungi wa siku hiyo naubeba mimi, si dada yangu mdogo. Kwenye zile video nzuri hutawahi kuona aliyebeba mtungi, na mitaa yetu tunajua mara nyingi ni msichana.

Hapo ndipo jina linaponikera. Vijana tunaambiwa tuwe kama huo mmea: jitegemee, chanua bila udongo, fanya kazi bure ndio ujulikane. Unapiga picha harusi ya watu kutwa nzima, malipo ni "tutakutaja kwa posti". Huo ni mshahara hewa, manze. Ukiona kijana anaonekana kuishi kwa hewa, angalia vizuri. Kuna mama anayelipa kodi, au kaka Nairobi anayetuma kitu kwa M-Pesa kila Ijumaa. Tuseme asante kwa sauti, na tuache kuwacheka wale ambao hawana mtu wa kuwaloweka.

Mwisho, usikimbilie msituni. Kenya ina mimea yake inayoishi juu ya miti, kama okidi ya chui, Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Imeng'olewa sana porini ikauzwe, mpaka sasa imeorodheshwa kama spishi iliyo hatarini. Ukinunua mmea, muulize muuzaji: uliuzalisha au uliung'oa?

Afadhali upewe. Tillandsia nyingi huchanua mara moja tu maishani, kisha huzaa watoto kwenye shina na mama hufa polepole. Mtoto akifika theluthi ya ukubwa wa mama, mtenganishe, mpe jirani. Wangu amezaa wawili. Mmoja unaenda kwa rafiki yangu mlango wa tatu, na tayari tumekubaliana siku zake za kubeba mtungi.