Mfereji Hautunzwi na Mawe

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, mama mmoja mjane alizoea kumwamsha binti yake kabla ya adhana ya alfajiri, akapange foleni kwenye bomba la ua wao. Kiungo cha bomba kilikuwa kimepasuka. Maji mengi yalimwagika mtaroni, na dumu moja lilichukua muda mrefu kujaa. Ziwa Tanganyika li karibu, lakini binti alifika shuleni amechelewa.

Mama huyo alikwenda Unguja katika arusi ya mtoto wa kaka yake. Arusi ilipokwisha, kijana akamtembeza hadi Marahubi, kwenye magofu ya jumba la Sayyid Barghash, lililojengwa baina ya 1880 na 1882, likateketea kwa moto mwaka 1899. Mama akatazama nguzo, mabirika, na mabaki ya mfereji.

"Shangazi," alisema kijana kwa adabu, "Sayyid huyu alitawala toka 1870 hadi 1888. Ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi ya Chemchem, watu wakachota bure."

"Na nani aliyeyasukuma, mwanangu?"

"Hayakusukumwa, Shangazi. Chemchemi iko juu, mji uko chini. Maji ukiyapa njia yenye mteremko, hujiendea yenyewe."

Maarifa hayo ni ya kale. Warumi walijenga mfereji wao wa kwanza, Aqua Appia, mwaka 312 kabla ya Kristo, na sehemu yake kubwa ilipita chini ya ardhi. Mwaka 97 baada ya Kristo, Frontinus alikabidhiwa maji ya Roma. Aliandika habari za watu waliotoboa mifereji wakaiba maji, na za watumishi 700 waliowekwa kuitunza. Hapana shaka kujenga kulikuwa nusu ya kazi tu.

Mama akauliza tena: "Na huu, nani anautunza sasa?" Kijana akanyamaza.

Aliporejea Buyenzi, mama hakupumzika. Aliwaita wapangaji wote, wakachanga fedha, fundi akabadilisha kiungo, na kila nyumba ikapewa zamu ya ulinzi wa bomba. Foleni haikwisha, ila ilifupika. Siku hizi, adhana ya alfajiri ndiyo inayomwamsha binti.