Samaki wa Milima Yetu
Kwetu ni Bukonzo, chini ya milima ya Ruwenzori. Katika vijito vyake yumo samaki ambaye mwaka 1909 Pellegrin, mtaalamu wa Ufaransa, alimpa jina la milima hiyo. Mdomo wake una makali ya kukwangulia utando wa kijani ulioshika mawe, ndio chakula chake. Siku hizi yumo hatarini kutoweka. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba huteremka ukafunika mawe.

Shamba moja ni la baba. Ndilo linalonilipia karo. Likizo nilimwomba aache hatua kumi kandokando ya kijito bila kulima.

"Na karo ya mdogo wako, mwanangu?"

Nilinyamaza. Asubuhi yake alinipimia hatua tano, nikapanda matete.

Wenzangu, ombeni nanyi hata tano.