Shampeni, keki na mikono iliyochuma

Harusi zetu za mjini bila shampeni hazijatimia. MC anapaza sauti, muziki unapanda, kizibo kinaruka, povu linamwagika, vigelegele juu. Mara keki hiyo inapita. Swali langu leo ni dogo tu: hivi tunajua tunakunywa nini?

Tuanze na jina. Shampeni ni waini ya Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, basi. Waitaliano wana Prosecco, Wahispania wana Cava, nazo zina povu na wapenzi wake. Ila chupa isiyotoka Champagne, hata kizibo chake kikigonga dari, jina imeazima.

Zabibu zake kuu ni tatu: Chardonnay, ambayo ni nyeupe, na Pinot Noir na Meunier, ambazo ni nyeusi. Ndiyo, waini nyeupe kutoka zabibu nyeusi! Siri iko kwenye ganda. Rangi inakaa kwenye ganda, maji ya ndani hayana rangi. Ukikamua taratibu vishada vikiwa vizima, yanatoka meupe. Ndiyo maana kule sheria inataka zabibu zichumwe kwa mkono, maana mashine ingezipasua. Kisha waini inatiwa chupani na sukari kidogo na hamira, inachachuka mara ya pili, na gesi inakosa pa kutokea. Povu linazaliwa hapo. Chupa itakaa pishini si chini ya miezi 15 kabla ya kuuzwa.

Sasa chakula. Lebo ikisema Brut, sukari haifiki gramu 12 kwa lita. Inywe na keki iliyojaa sukari, itageuka ndimu mdomoni. Ndiyo ile sura wanayokunja wageni meza kuu! Keki inataka Demi-Sec, yenye gramu 32 hadi 50. Brut yenyewe inapenda chumvi na mafuta: chaza, kuku wa kukaanga, sambusa, hata chipsi. Uchachu wake na mapovu vinakata mafuta, kama ndimu inavyofanya kwenye mishkaki.

Ila turudi kwenye ile mikono inayochuma. Ni ya nani? Mavuno ya Septemba 2023 yaliangukia kwenye joto kali, na wachumaji kadhaa walifariki. Mwezi huo huo wakaguzi walikuta wachumaji zaidi ya 50, wengi wao kutoka Afrika Magharibi na hawana vibali, wamelazwa kwenye nyumba chafu isiyofaa kukaliwa na mtu. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa usafirishaji haramu wa binadamu.

Yaani kinywaji tunachokifungua kuonyesha kwamba mambo yetu safi, kuna Waafrika wenzetu walikichumia zabibu huku wakilala pabaya kiasi hicho.

Sisemi tususe. Wakulima wengi kule wanafanya kazi yao kwa heshima. Nasema kwamba kwa bei ile, ujira na malazi ya mchumaji havipaswi kuwa vitu vya kubanwa, na anayelipa ana haki ya kuuliza. Tumezoea kuuliza bei ya ukumbi, ya mpambaji, ya mpiga picha. Tuongeze na hilo.

Na kama bajeti ya kamati imegoma, msiumize kichwa. Hata soda ina povu.